Ridhaa ya Mtoto Haiko Mfukoni mwa Mwalimu Mkuu

Hakuna mahali rahisi pa kupata mkojo wa watoto mia mbili kwa siku moja kuliko shule ya msingi ya serikali. Watoto wapo, wamepangwa kwa madarasa, majina yao yako kwenye daftari la mahudhurio, na yuko mtu mzima mmoja ambaye akisema "simameni" wote wanasimama. Hata kichocho kinafuata ratiba ya shule: mayai ya minyoo yake huonekana zaidi katika mkojo unaotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mtafiti akifika na makopo yake wakati wa mapumziko, kila anachohitaji kinamsubiri uwanjani.

Hoja yangu ni kwamba urahisi huo ndio ugonjwa wenyewe. Tunakwenda kwenye shule za vijiji vya ziwani, za mashamba ya mkonge, za mitaa isiyo na maji ya bomba, kwa sababu ndiko wagonjwa waliko, ndiyo. Lakini tunakwenda pia kwa sababu huko watu hawakatai. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba walikubali. Kati ya kutokukataa na kukubali kuna bonde pana, na sehemu kubwa ya utafiti wa afya shuleni katika nchi zetu imejengwa humo bondeni.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi si adui wa utafiti. Kichocho kinaharibu kibofu cha mkojo. Minyoo ya safura inanyonya damu ya mtoto ambaye chakula chake tangu mwanzo hakitoshi kuirudisha. Bila mtu kuinamia hadubini na kuhesabu mayai, hakuna wizara itakayojua dawa ipelekwe wilaya ipi kwanza. Anayesema tuache kuwapima watoto wa maskini anasema, hata kama hajui, wasitibiwe. Ninachodai ni kigumu kuliko hicho. Tuwapime kwa namna ambayo mtoto na mzazi wake wangeweza kusema hapana, na wakiisema, kesho yake mtoto aingie darasani kama kawaida.

Twende Busia, magharibi mwa Kenya, kwa kuwa utafiti uliofanyika huko ndio unaotajwa kila tunapozungumzia afya shuleni. Kuanzia 1998, katika maeneo ya Budalangi na Funyula, shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa za minyoo 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Makala ya Edward Miguel na Michael Kremer iliyotoka katika jarida la Econometrica mwaka 2004 ilionyesha kwamba dawa hizo za bei ndogo zilipunguza sana utoro. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi ya 2019. Kampeni za dawa za minyoo mashuleni, Afrika na Asia, zimeegemea kwa kiasi kikubwa kwa watoto wale wa Busia.

Sasa angalia ridhaa ilivyopatikana. Miaka miwili ya mwanzo, kwa kufuata utaratibu wa Wizara ya Afya wa wakati huo, ilitafutwa ridhaa ya jamii. Mikutano ya wazazi iliitishwa, mradi ukaelezwa, na mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki akaambiwa akamwarifu mwalimu mkuu. Kuanzia Januari 2000 utaratibu ukabadilika: mzazi alitakiwa aende shuleni mwenyewe atie sahihi kwenye daftari. Waliopata dawa wakapungua. Watafiti wenyewe wanaeleza kwa uaminifu sababu mojawapo: baadhi ya wazazi waliogopa kukutana na mwalimu mkuu kwa kuwa walikuwa wanadaiwa ada. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa bado haijaanza Kenya; ilianza 2003.

Soma tena sentensi hiyo kuhusu ada, kwa kuwa ndani yake mna kila kitu. Inahesabu woga wa mzazi kama kikwazo cha kusema ndiyo. Vizuri. Lakini woga huo haukuzaliwa Januari 2000. Miaka miwili kabla yake, mzazi yuleyule, mwenye deni lilelile, alikuwa ameambiwa kwamba akitaka kusema hapana aende kwa mwalimu mkuu yuleyule. Wangapi walikaa kimya kwa sababu kukataa kungewapeleka mlangoni kwa mdai wao? Hatuwezi kuwahesabu. Kwenye takwimu walihesabiwa pamoja na waliokubali.

Sisemi kwamba utafiti ule ulikuwa wa kikatili. Makundi yote matatu hatimaye yalipata dawa, na data zake ziliwekwa wazi kiasi kwamba mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba za tropiki cha London waliweza kuzipekua upya na kuzua mabishano makali yaliyoitwa "vita vya minyoo". Kwa viwango vya fani yake, ulikuwa utafiti wa waungwana. Ndiyo maana nimeuchagua. Ikiwa waungwana waliweza kuikabidhi hapana ya mzazi kwa mtu anayemdai ada, wale wanaokuja kwa wiki mbili na gari la kukodi wanafanya nini?

Najua wanachofanya, kwa sababu niliwahi kuwa upande wa makopo. Nilikuwa darasa la tano, katika shule ambayo sitaitaja. Tulipewa kopo moja moja lenye namba, tukaelekezwa chooni, tukarudi tumelishika kwa vidole viwili tukichekana. Hakuna aliyetuuliza kitu. Wiki iliyofuata, mstarini asubuhi, mwalimu wa zamu alisimama na karatasi akasoma majina ya "wenye kichocho" mmoja baada ya mwingine, waje mbele wapimwe urefu ili wapewe dawa. Namba za kwenye makopo zilikuwa zimegeuka majina tena, mbele ya shule nzima. Walikuwemo wasichana wawili wa darasa la saba. Kwa mtoto wa darasa la nne, ugonjwa wa kukojoa damu ni kichekesho. Kwa msichana wa miaka kumi na minne ni kitu kingine kabisa, na hao wawili waliitwa majina mapya hadi siku ya mtihani wa mwisho. Dawa walipewa, na huenda waliitikia vizuri. Kwenye ripoti ya mradi nina hakika sisi sote tulikuwa namba, kama maadili yanavyotaka. Siri ilitunzwa dhidi ya watu wa mbali wasiotujua, ikavunjwa mbele ya watu wote waliotujua.

Hapa ndipo watu wa maadili ya utafiti wanapokosea mlango. Kamati inakaa mjini, inauliza: data zitafungiwa wapi, kompyuta ina nywila, majina yatafutwa lini? Maswali mazuri. Lakini mtoto wa shule haogopi mdukuzi wa Boston. Anamwogopa mwenzake wa dawati moja, mwalimu wa hisabati, na shangazi anayeuza maandazi getini. Hatari yake iko ndani ya mita mia moja kutoka pale kopo lilipokabidhiwa.

Na kuna nyakati ambapo hatari hiyo inavaa mavazi ya serikali. Februari 2015 Rais wa Kenya alitoa agizo kwamba zikusanywe takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na taarifa za walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Namna ilikuwa orodha yenye majina. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na kanuni ya maslahi bora ya mtoto, zote zikiwa kwenye Katiba ya 2010. Ikaamuru majina yaliyokwishakusanywa yageuzwe alama za siri ndani ya siku 45 ili jina lisiunganishwe tena na hali ya mtu.

Kwetu Tanzania hatuhitaji kwenda mbali kujua kwa nini msichana adanganye akiulizwa maswali ya afya shuleni. Kwa miaka mingi kupimwa ujauzito kwa lazima kulikuwa jambo la kawaida katika shule nyingi, na aliyekutwa nao alifukuzwa. Ruhusa ya kurudi shuleni baada ya kujifungua ilitolewa Novemba 2021 tu. Kwa hiyo unapomkalisha binti wa miaka kumi na sita chini ya mwembe, ukamwuliza kutoka kwenye kishikwambi kama ameshaanza kujamiiana, huku mwalimu wa nidhamu anapita pita, usishangae akisema hapana. Kilichojibu pale ni historia ya nchi yake. Wewe utaiandika kama takwimu ya tabia.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia kwenye semina zaidi ya mara moja. Wataniambia: ukidai kila mzazi aelezwe kwa lugha yake, kila mtoto aulizwe faraghani, matokeo yarudishwe nyumba kwa nyumba, gharama itapanda mara mbili, wafadhili watakimbia, na watakaoumia ni watoto haohao unaojidai kuwatetea.

Hoja hii ina uzito, na ningeiogopa kama ingekuwa kweli kwamba njia ya mkato ni ya bei nafuu. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto wa shule walipewa dawa za kichocho na minyoo kupitia mpango wa kugawa dawa kwa wote. Dawa ya kichocho, praziquantel, inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mtoto ambaye hajala, na wengi wetu tulikwenda shule bila kula. Uvumi ukaenea kwamba dawa ni mbovu, kwamba ni njama ya kuwafanya watoto wagumba. Ghasia zikazuka mashuleni, na ugawaji wa dawa ukasitishwa. Ule haukuwa utafiti, ulikuwa tiba, tena tiba nzuri iliyothibitishwa. Bado ilikwama. Hebu mtu apige hesabu ya mpango mzima uliosimama, aiweke kando ya gharama ya mikutano ya kweli na uji wa asubuhi kwa watoto.

Wataalamu wakisimulia Morogoro hupenda neno "uvumi", kana kwamba ni homa inayowashika wasiosoma. Lakini pwani hadi maziwa makuu tuna neno la zamani zaidi: mumiani. Tangu enzi za ukoloni watu wamesimuliana habari za wanyonya damu wanaokuja na magari na vifaa, wakatoweka. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya simulizi hizi, akazichukua kama kumbukumbu zinazofaa kusomwa na wala si upuuzi wa kuchekwa. Nami nazisoma hivyo. Mgeni anakuja, anachukua damu, hasemi inakwenda wapi, harudi. Ondoa meno marefu kwenye hadithi na uniambie ni sehemu gani isiyofanana na tafiti unazozijua. Mumiani ni swali lililokosa mtu wa kuulizwa, likaamua kujijibu lenyewe.

Kuna hasara nyingine ya njia rahisi, na hii ni ya kisayansi tupu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ukipima shuleni siku ya Jumanne, umepima waliokuja shule Jumanne. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa sababu anaumwa hayumo. Aliyekwenda kuvua dagaa au kuchunga mbuzi, ambaye ndiye anayeshinda majini, hayumo. Binti aliyeacha shule hayumo, wala mtoto mwenye ulemavu ambaye shule haina njia ya kumpitisha. Kisha ripoti inaandikwa "hali ya watoto wa wilaya hii". Wale wanaohitaji dawa kuliko wote ndio wanaokosekana, na wanakosekana kwa sababu tulifuata daftari la mwalimu badala ya kuufuata ugonjwa.

Basi haki inafananaje? Si siri, wala haihitaji kongamano. Kwanza, mwalimu atoke kwenye mnyororo wa ridhaa. Awe mwenyeji, apange chumba, apige kengele, lakini karatasi ya mzazi isipite mikononi mwake, na orodha ya waliokataa asiione kamwe. Mzazi apewe siku kadhaa za kufikiri, na mtu wa kumwuliza ambaye hamdai ada wala mchango wa dawati. Aelezwe kwa lugha anayoitumia nyumbani. Budalangi ni Kinyala, Dodoma vijijini ni Kigogo. Ile sentensi ya fomu isemayo "ushiriki wako ni wa hiari na waweza kujitoa wakati wowote bila athari yoyote" ni ngeni hata kwa Mswahili wa Tanga.

Pili, mtoto naye aulizwe, peke yake, na awe na njia ya kukataa isiyoonekana. Mwache apokee kopo kama wenzake na alirudishe tupu bila mtu kumwuliza. Wape wote biskuti na soda, aliyetoa na asiyetoa, tena wape kabla. Na nikupe kipimo kimoja cha kubeba: ukimaliza na fomu mia mbili na hakuna hata mmoja aliyekataa, usiandike kwamba ushiriki ulikuwa asilimia mia. Andika kwamba hukuuliza.

Tatu, majibu yarudi. Majibu ya mtoto yarudi kwa mzazi wake, kwenye bahasha, pamoja na dawa au rufaa ya kwenda zahanati. Majibu ya kijiji yarudi kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili au lugha ya pale, kabla hayajasomwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Watu waambiwe sampuli zilizobaki ziko friji gani, kwa miaka mingapi, na nani ana ufunguo. Wana haki ya kusema imetosha.

Nne, sheria tulizonazo zitumike. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria hizo zimezoeleka kutajwa dhidi ya kampuni za mikopo ya simu. Hakuna sababu zisitajwe kwenye kikao cha wazazi. Na wanaodhani watu wa vijijini hawawezi kujiwekea masharti wawatazame Wasani wa Afrika Kusini, waliochunguzwa na wasomi vizazi na vizazi hadi walipochoka. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zinazodai heshima, uaminifu, haki na kujali, na kumtaka mtafiti afuate utaratibu wao kabla hajaanza. Kama jamii ndogo namna ile, iliyonyang'anywa karibu kila kitu, imeweza, kamati ya shule ya Kwimba au Kwale inashindwa nini?

Sasa nije kwako, msomaji, maana sikuandika haya kwa ajili ya maprofesa. Wao wanabaki mjini. Anayekwenda shuleni na kishikwambi ni wewe, au rafiki yako mliyemaliza naye chuo. Mkataba wa wiki sita, posho ya siku, malipo kwa idadi ya madodoso, na msimamizi anayeuliza kila jioni "leo umepata mangapi?" Najua ajira hakuna, na sitakuhubiria uache kazi. Lakini ujue kwamba mpangilio wenyewe unakulipa ukiharakisha ridhaa na kukukata ukiisubiri. Dodoso la mtoto aliyesema hapana lina thamani ya sifuri kwenye malipo yako. Ukitaka kubadilisha jambo moja tu kabla ya kuingia kwenye gari, dai hilo: anayekataa alipiwe sawa na anayekubali, kwa kuwa kazi ya kumwuliza imefanyika. Daini kwa pamoja, siku ya mafunzo, bosi akiuliza kama kuna swali.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeigeuza methali hiyo: mgeni anakuja, anapona yeye, anapata shahada yake, makala yake, cheo chake, na mwenyeji anabaki na kopo tupu lenye namba. Sitaki mgeni afukuzwe. Nataka abishe hodi, kisha asubiri nje hadi aliyemo ndani, hata kama ana miaka kumi na hajavaa viatu, aamue mwenyewe kumwambia karibu.